Mzee Gazi na Magunia Sitini na Matatu

Jumanne tarehe 28 Machi 1989, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, chumba cha chini ya ngazi katika Kiwanda cha Uchapaji cha Nilratan kilipoteza magunia 63 ya karatasi. Yalitolewa kwa lori. Cheti cha getini kinasema "taka za karatasi, kilo 1,134", na mahali pa jina la mnunuzi pameachwa wazi. Leo Ijumaa tarehe 31, siku tatu baadaye, mtu aliyekuwa akiyatunza magunia hayo, Mzee Moslehuddin Gazi, mpanga herufi mkuu, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda hiki kwa miaka 41 na siku 16.

Kamati ya sherehe iliniomba kurasa chache za furaha kwa ajili ya programu hii. Furaha ipo, na nitaitoa. Lakini huwezi kumnyang'anya mtu kazi yake ya mwisho siku ya Jumanne, kisha Ijumaa ukamvisha shada la maua na kumpigia makofi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo msomaji anivumilie. Sifa na madai vitakwenda pamoja humu.

Mzee Gazi aliingia geti letu Jumatatu tarehe 15 Machi 1948, akiwa na miaka kumi na saba, akitokea Basirhat na ndala za kuazima. Kolkata ya mwaka ule haikuwa mahali pa raha kwa mtu mwenye jina la Kiislamu kama lake. Wengi wa jina hilo walikuwa wakifunga mizigo kwenda upande wa pili wa mpaka mpya uliokuwa umeigawa nchi. Yeye alifungua trei za herufi za madini ya risasi akaanza kujifunza zinakokaa. Kwanza za Kibengali, halafu za Kiarabu na Kiurdu, kisha za Kiingereza. Mpanga herufi wa kawaida hapa hupanga herufi elfu moja kwa saa. Yeye alipanga elfu moja na mia nne, na nimempima mwenyewe, kwa saa ya ukutani, zaidi ya mara moja, kwa sababu sikuamini.

Mwaka 1951 alikuja Bwana Sasson Gubbay, mtunzaji wa sinagogi, akiwa na trei ya herufi za Kiebrania zilizokosa mtu wa kuzipanga. Alimfundisha Mzee Gazi herufi zote ishirini na mbili kwa siku tano. Mzee alisema haikuwa kazi ngumu, maana macho yake yalikwisha zoea kutembea kutoka kulia, isipokuwa hizi hazishikani mikono kama za Kiarabu, "zimesimama kila moja peke yake kama watu wanaongoja tramu." Tangu hapo sala zote za Wayahudi wa mji huu, kalenda za misikiti kumi na tisa, na vijitabu vya Rozari vya parokia nne vilipita kwenye vidole vilevile.

Walio vijana humu wanamjua kwa ukali wake. Mtu akibana mstari vibaya, Mzee hufika nyuma yake na kusema polepole, "Mungu anakuona." Siku moja fundi mtambo mmoja, mbishi, akamjibu, "Mungu wa nani, Mzee? Humu ndani wako wengi." Mzee akamjibu bila kuinua kichwa, "Wa yule mwenye ukurasa ulioushika. Nenda kanawe mikono."

Sasa niyaeleze magunia, maana wapo wanaosema hadi leo kwamba lilikuwa rundo la uchafu.

Mwaka 1953, karibu na Pasaka ya Kiyahudi, Bwana Gubbay alifika kusoma prufu, zile karatasi za majaribio za kusahihishia. Akamkuta fundi akifuta wino kwenye mtambo kwa karatasi iliyoharibika, kama mafundi wote wa dunia wafanyavyo. Karatasi ile ilikuwa ya sala zake. Mimi nilikuwa ndio kwanza nimeajiriwa kubeba maji, na nilimwona kwa macho yangu mzee yule wa suti na tai akikaa chini sakafuni, kwenye wino. Akasema, "Jina lake limo humo. Sisi hata kulitamka hatulitamki. Ninyi mnafutia grisi."

Bosi wa wakati ule aliomba radhi, akadhani yamekwisha. Mzee Gazi, wakati ule kijana wa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyeuliza swali la maana: "Basi niambie, bwana, karatasi zikiharibika mnazipeleka wapi?" Akaambiwa kwamba kwa Wayahudi karatasi yenye Jina haichomwi wala haitupwi. Huzikwa makaburini, kama mtu. Jioni ile alikwenda kwa shehe, Maulvi Tafazzul Mullick, aliyekuwa akituletea kalenda za misikiti, akamuuliza yeye naye. Maulvi akamjibu kwamba Waislamu hawaogopi kulitamka, wanalitamka tangu alfajiri hadi usiku na wana majina tisini na tisa, lakini liwe chini ya nyayo za mtu? Haiwezekani. Lifungwe kwenye kitambaa safi, lizikwe mahali pasipokanyagwa.

Akamwendea na Padre Anselm Baroi, mwenye vijitabu vya Rozari. Padre akacheka. "Gazi, mwanangu, sisi kwetu Neno la Mungu si karatasi. Neno lilivaa mwili, likazaliwa, likalia likitaka maziwa. Karatasi fungia samaki." Mzee akamshukuru akaondoka. Wiki hiyohiyo Padre alikuja kusoma prufu, na mtu akamwekea birika la chai juu ya ukurasa ulioharibika wenye picha ya Mama na Mtoto. Chai ikaanza kuenea kwenye uso wa Mtoto. Padre aliruka kama aliyeungua yeye. Alilinyanyua birika, akaupangusa ukurasa kwa mkono wa kanzu yake, kisha akamtazama Mzee Gazi kwa aibu. "Hii... hii usifungie samaki," akasema.

Ndivyo yalivyozaliwa magunia ya aina tatu chini ya ngazi: ya Jina lisilotamkwa, ya Jina linalotamkwa kutwa, na ya Uso. Mzee aliyachambua mwenyewe, kila jioni, dakika ishirini baada ya kengele, bila malipo ya ziada na bila kuombwa. Zile za picha alizikunja uso ukiwa ndani, kwa unadhifu kuliko hata za dini yake. Nilimuuliza siku moja, kwa kuwa mimi ni Mhindu, nyumbani kwangu ukutani wapo miungu kumi na mmoja na sina upande katika kesi hii: "Ami Gazi, wewe huamini kwamba Mungu ana mwana. Mbona unamkunja mwana wa watu kama shuka la harusi?" Akasema, "Siamini. Padre anaamini. Na karatasi iko mkononi mwangu, haiko mkononi mwa Padre."

Kila mwaka wa saba, Jumapili moja ya Aprili, magunia yalizikwa. Ya Wayahudi katika makaburi yao ya Narkeldanga, ya Waislamu Bagmari, ya Wakristo nyuma ya kanisa la Padre. Yote siku moja, wote wanne wakifuatana kutoka shimo hadi shimo, kila mmoja akisoma penye lake na wengine wakishika kamba. 1954, 1961, 1968, 1975, 1982. Mara tano, jumla magunia 402. Daftari la hesabu nimelishika mimi tangu 1968. Mazishi ya sita yamepangwa Jumapili hii, tarehe 2 Aprili. Mashimo matatu yamechimbwa. Mzee aliomba jambo moja tu katika barua yake ya kustaafu: siku mbili za ziada bila mshahara, ili ayafikishe mwenyewe.

Lazima nitaje pia kitabu cha 1974, kwa sababu ndicho fahari kubwa ya kiwanda hiki, na kwa sababu kilikaribia kuwa aibu yake. Idara moja ya shule iliagiza kitabu cha darasa la nane cha kueleza jinsi Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanavyomfahamu Mungu. Mwandishi wake, msomi kutoka Delhi, alileta jedwali: safu tatu, mistari minane. Mungu ni mmoja? Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ana mwana? Hapana, ndiyo, hapana. Huchorwa? Hapana, ndiyo, hapana. Mzee Gazi alilipanga, akalitazama, akalipigia prufu tatu, akawaita wateja wake watatu waje kulisoma kabla halijachapwa.

Chumba cha prufu kilitaka kupasuka.

"Ndiyo gani hii?" Padre alipiga kelele. "Imekaa kama nimemwozesha Mungu mke! Mimi nina Mungu mmoja. Baba, Mwana na Roho, Mungu mmoja. Liko wapi neno hilo kwenye kisanduku chenu?"

"Afadhali wewe umepewa kisanduku chako," akasema Bwana Gubbay. "Mimi nimepewa majibu ya Maulvi, neno kwa neno. Kwani sisi ni mapacha? Mungu wangu alifunga agano na babu zangu, na tangu siku hiyo tunabishana naye. Ibrahimu alisimama mbele yake akaupigania mji ule uliokuwa uangamizwe. Wakiwemo wema hamsini? Arobaini na watano? Akamshusha hadi kumi, kama mtu anayenunua samaki!"

"Astaghfirullah," akasema Maulvi. "Mungu hapigiwi bei. Ndiyo, hata kwetu imo, Ibrahimu alijadili, kwa kuwa alikuwa na huruma. Akaambiwa, achana na hili. Basi. Mja anajua mahali pake. Hana mfano, hakuzaa, hakuzaliwa, na yuko karibu nawe kuliko mshipa wa shingo yako. Hilo karibu mbona halimo kwenye jedwali?"

"Karibu!" Padre akadakia. "Kwetu hakuishia karibu. Kwenye habari hiyo ya kumi, hakungoja hata mtu ambishie. Alishuka mwenyewe akawa mtu."

"Na mkampiga picha," akasema Bwana Gubbay.

"Na tukampiga picha!" akajibu Padre, na wote watatu wakacheka hadi Maulvi akavua miwani.

Mzee Gazi hakucheka. Aliuliza, "Kwa hiyo hii 'ndiyo, ndiyo, ndiyo' ya mstari wa kwanza, nayo ni uongo?" Halafu Bwana Gubbay akasema hapana, ile ni kweli, ile iache. Maulvi akasema ile ndiyo pekee ya kuacha. Padre akatikisa kichwa kukubali. Basi Mzee alilivunja jedwali, mistari saba kati ya minane, akairudisha risasi kwenye trei, akamwandikia msomi wa Delhi kwamba kila dini ipewe kurasa tisa zake, kwa maneno yake. Msomi alikasirika kwa wiki tatu, kisha akakubali. Kitabu kilichapwa nakala 6,000, kikarudiwa mara nne, jumla 30,000. Haikurudi barua hata moja ya malalamiko kutoka msikiti, kanisa au sinagogi. Wanaochapa vitabu vya dini katika mji huu wanajua namba hiyo ya sifuri ni ngumu kiasi gani.

Hayo ndiyo maisha ya mtu tunayemuaga. Sasa Jumanne.

Jumanne asubuhi Mzee aliitwa ofisi ya mafao kutia saini fomu zake. Mimi nilitumwa bandarini kupokea rimu 240. Meneja wetu, Bwana Subimal Sarbadhikari, ambaye huu ni mwezi wake wa nane nasi, anahitaji chumba cha chini ya ngazi kwa ajili ya kompyuta ya kupangia kurasa. Sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi wangu ni kwamba mlango ulikuwa na kufuli, kufuli lilikatwa, na juu ya mlango kuna kibao kilichoandikwa kwa lugha tatu, tangu 1953: "Si taka. Muulize Gazi." Hakuna aliyemuuliza Gazi.

Tuligundua Jumatano, na tuligundua kwa tumbo. Saa saba mchana nilinunua bisi za mchele kwa Mama Khokon, pale kona ya Bowbazar, zilizochanganywa vitunguu na mafuta ya haradali kama kawaida yake. Nilipofika nusu nikaona ndani ya mfuko, chini ya mafuta, herufi zimesimama kila moja peke yake. Nilimpelekea Mzee. Alimwaga bisi, akanawa mikono hadi viwiko, akaufungua mfuko gundi kwa gundi, akaulainisha juu ya meza kwa kiganja. Ilikuwa sala ya jioni. Kisha akavaa viatu.

"Mama, mifuko yako yote nipe," alimwambia Mama Khokon.

"Ya bisi ngapi, Mzee?"

"Bila bisi."

"Bila bisi! Mzee wangu, leo jua limekupiga? Mifuko nimenunua mimi, nifungie watu kwenye viganja?"

"Nitakuletea mingine mara mbili, mipya, kabla ya saa kumi. Hii nipe. Ina maneno ya watu ndani."

Mama Khokon akautazama mmoja, akaugeuza, akaona upande wa pili una Kiarabu. Anaitwa Mama Khokon lakini jina lake la nyumbani ni Rabeya, naye ni Mwislamu. Akaacha kucheka. Akaikusanya mwenyewe, akaifunga kwenye ncha ya sari yake, akasema, "Aliyeniuzia hakuniambia. Wallahi, Mzee, hakuniambia." Yule aliyemuuzia, mgundisha mifuko wa mtaa wa nyuma, naye alinunua fungu moja tu kutoka kwa mchuuzi mpita njia, ambaye hamjui.

Tulipata mifuko 34. Karatasi moja yetu hutoa mifuko minne. Kwa hiyo tumeokoa karatasi nane na nusu. Gunia moja hubeba karatasi 900, na magunia ni 63, yaani karatasi 56,700. Magunia kumi na moja ni ya Bwana Gubbay, thelathini na nane ya misikiti, kumi na manne ya Padre. Magunia mawili angalau yamefunguliwa, la Kiebrania na la Kiarabu. Mengine, kwa jinsi biashara hii inavyokwenda, yako kwenye ghala la mnunuzi yakingoja lori la kinu cha karatasi, na vinu huchukua mzigo Jumamosi asubuhi. Kinuni karatasi huchemshwa mpaka iwe uji.

Nilikwenda kwa Meneja Jumatano jioni. "Bwana Pramanik," aliniambia, "karatasi ni karatasi. Na Mungu mwenyewe hajaleta malalamiko." Nikamuuliza mnunuzi ni nani. Akasema hiyo ni siri ya biashara. Nikarudi Alhamisi saa mbili. Akasema hata padre wa Wakristo alikwisha sema karatasi si kitu. Maneno hayo yalimfikia Padre Baroi, na saa tano Padre, mwenye miaka sabini na sita, alifika ofisini kwa baiskeli, akihema. "Nilisema kwa ajili yangu," alimwambia Meneja mbele ya karani wake. "Sikusema kwa ajili ya Gubbay. Mnunuzi ni nani?" Siri ya biashara. Maulvi akaja baada ya adhuhuri. Siri ya biashara. Mara nne tumeuliza, mara nne jibu ni hilo. Nimefanya kazi kiwanda hiki miaka 36, nimepanda kutoka ndoo ya maji hadi ufunguo wa stoo, na sijawahi kusikia kwamba mnunuzi wa taka ana siri.

Mzee Gazi hakwenda kwa Meneja. Alikwenda Alhamisi hiyo kwa Bwana Gubbay, peke yake, kumwambia kwa mdomo wake, kwa kuwa yeye Gazi ndiye aliyemwahidi kwamba karatasi zake zitazikwa. Bwana Gubbay ana miaka themanini na minne, na jamaa zake waliobaki mjini wanahesabika. Alikuwa ameomba gunia moja lizikwe kando ya kaburi alilojitengea mwenyewe. Mzee aliniambia alisimama mlangoni akayasema yote kwa pumzi moja. Bwana Gubbay aliufungua mlango hadi mwisho. Kisha akasema, "Umekula?" Mzee akasema hapana. "Basi ingia ule. Na kesho nitakuja kwenye sherehe yako. Wasinifute kwenye programu. Nitakaa mbele, nimtazame huyo meneja."

Mzee Gazi, umetufundisha kupanga, umetufundisha kunawa, na umetuonyesha kwamba mtu anaweza kuilinda imani ya mwenzake bila kuipunguza yake. Wafanyakazi 58 wa kiwanda hiki wanakushukuru, kuanzia chumba cha herufi hadi getini. Tunakuombea macho yasiyochoka, magoti yasiyouma kwenye ngazi za nyumbani kwako Basirhat, na asubuhi nyingi za kulala hadi utakapotaka. Nenda kwa heri, na kwa heshima yote uliyoivuna.

Na wewe, Bwana Sarbadhikari, uliyekaa meza kuu ukisoma programu hii kama wengine: hatutaki hotuba yako, na hatuna haja na radhi yako leo. Bwana Gubbay amekaa mbele yako. Jua likizama Sabato yake inaingia, na baada ya hapo hataweza kupanda gari, kubeba wala kutia saini chochote hadi kesho jioni, wakati lori la kinu litakuwa limekwisha ondoka. Mikokoteni saba iko getini, magunia tisa kila mmoja, na wabebaji kumi na wanne wamekwisha kunywa chai. Mnunuzi ni nani, na ghala lake liko mtaa gani? Utasimama na kujibu mbele ya watu hawa wote, kabla ya saa kumi na moja kamili.

Nitai Pramanik
Mkuu wa Stoo ya Karatasi na Ukataji